Kabla Hujarudi Muleba na Vogue

Disemba ikiingia, barabara ya Bukoba kwenda Muleba inawaka. Wahaya wa Dar wameshatia timu, senene wanakaangwa, na pale Rwamishenye mnapishana na mashangingi, Prado, Discovery, na Vogue mbili tatu zinazogeuza shingo za kitaa kizima. Mimi napenda kinoma kuona mtu karudi nyumbani kang'aa. Kinachoniuma ni mwana kuchukua mkopo avute Vogue ya 2008 kwa sababu tu kaikuta bei chee.

Bei chee ina sababu, mzee. Gari limeshuka thamani mikononi mwa wenzio huko lilikotoka, ila spea zake hazijashuka hata jero. Umenunua kwa hela ya mtumba, utalihudumia kwa hela ya gari jipya.

Chukua Range Rover Vogue za 2002 hadi 2012. Nyingi hazikai kwenye springi za chuma, zinakaa juu ya mifuko minne ya mpira iliyojaa upepo, na kompresa ndiyo inayoijaza. Tope na vumbi la kupandisha Kamachumu vinaingia kwenye mikunjo, mpira unachoka, upepo unavuja mdogomdogo. Usiku umepaki fresh, asubuhi bega moja limelala, nusu ya tairi imemezwa na bodi. Unawasha, linanyanyuka, unasema poa. Kumbe kompresa inahenyeka kila siku kufidia upepo unaopotea. Ikiungua, unalipia mfuko na kompresa, wakati mfuko peke yake ungemaliza kesi. Discovery 3 nazo nyingi ndiyo hivyohivyo.

Na hapo upo Muleba. Fundi wako ni mkali kwa Noah na Land Cruiser, lakini Vogue inataka kwanza mashine ya kuisoma. Spea ziko Dar, kama kilomita 1,400. Kampala ni karibu zaidi kupitia Mutukula, ndiyo maana wengi wanatupia macho huko, ila kuna mpaka na ushuru. Gari linakaa juu ya mawe, likizo inakata, mshua anakuuliza kila asubuhi utaondoka lini.

Shangingi ni habari nyingine. Land Cruiser GX yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, haina turbo, pampu yake haitegemei kompyuta, na mafundi wameikariri. Haikimbii, ila inakufikisha.

Ila V8 nayo isikudanganye kwa jina la Toyota. Land Cruiser 200 zenye tanki mbili zinabeba lita 138 kwa pamoja, na bei kikomo ya EWURA kwa Bukoba inazidi ya Dar kwa sababu wese linasafirishwa. Halafu ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017, kodi ya mafuta ikapandishwa shilingi 40 kwa lita. Maana yake ndinga yenye kiu inalipa kila ikiingia sheli.

Kama roho bado iko kwenye Vogue, mwambie muuzaji aipaki sehemu tambarare usiku kucha, asubuhi ukute haijawashwa. Chukua futi, pima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi, kona zote nne. Kona moja ikiwa imezama kuliko mwenzake wa upande wa pili, kata bei ya mfuko na ya kompresa hapohapo. Akigoma, sepa.