Boma la Fort Smith Huko Kabete, na Njia ya Kulifikia kwa Miguu

Watu wengi wakaao mjini Nairobi, na wengine wengi wajao mjini kwa shughuli zao kutoka mashambani, hupita kila siku katika barabara ya Waiyaki Way wala hawajui ya kuwa njia hiyo huwapeleka karibu na mahali palipojengwa boma la kwanza la Waingereza lililodumu katika nchi ya Wakikuyu. Boma hilo liliitwa Fort Smith. Lilijengwa Kabete mwaka 1891, yaani miaka minane kabla reli haijafika Nairobi na kabla ya kuwapo mji wenyewe.

Yafaa kumwonya msomaji mapema. Mtu aendaye Kabete akitazamia kuona kuta ndefu kama za Fort Jesus ya Mombasa atarudi na huzuni. Boma la Wareno lilijengwa kwa mawe ya matumbawe tangu mwaka 1593, na bado limesimama. Boma la Kabete lilikuwa la miti na udongo, lenye handaki lililochimbwa kulizunguka, na vitu vya namna hiyo havidumu katika nchi ya mvua. Leo mahali pale pamezungukwa na mashamba na nyumba za watu. Lakini kilima kipo, na mabonde yapo, na vijito vipo. Na mtu akipanda kwa miguu kutoka katikati ya mji ataelewa mambo ambayo ukuta wa mawe usingeweza kumwambia.

Safari yaweza kuanzia Moi Avenue, mbele ya nyumba ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, maana ndani yake zimo karatasi nyingi za miaka ile. Hapo msafiri yuko karibu mita 1,660 juu ya usawa wa bahari. Nchi ni tambarare, na kwa mashariki na kusini huendelea hivyo hivyo mpaka mbuga za Athi. Kabla ya reli, mahali hapa palikuwa malisho ya Wamasai, penye majimaji na nyasi, na jina la Nairobi limetokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi. Hapakuwa na shamba wala soko. Msafara uliolala hapa ulilala na njaa yake.

Kutoka hapo msafiri hufuata njia ya kupanda kilima cha Makumbusho, kisha Westlands, kisha Kangemi na Uthiru. Tangu mwaka 2022 ile barabara ya juu ya magari hupita katika sehemu ya kwanza ya njia hii, na kelele ni nyingi. Basi asiyependa vumbi na moshi apande matatu mpaka Kangemi, aanzie hapo. Kwa kadiri aendavyo ataona udongo ukibadilika, ule mweusi wa tambarare ukiachia udongo mwekundu, na ardhi ikianza kukunjika kuwa migongo mirefu yenye bonde na kijito katikati. Afikapo Kabete ya juu, penye chuo cha kilimo na utabibu wa wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi, atakuwa amepanda zaidi ya mita 200, na hewa imebadilika. Mahali pa boma pako katika migongo hiyo ya Kabete, kati ya njia iendayo Kikuyu na ile iendayo Wangige. Ni mwendo wa saa tatu au nne kwa mtu mzima asiye na haraka.

Sasa, kwa nini Waingereza wakapanda huku juu, wakaiacha tambarare iliyo rahisi kulindwa? Wengi hudhani ya kuwa boma lilijengwa mlimani kwa ajili ya vita. Sababu yake ya kwanza ilikuwa chakula.

Katika mwaka 1888 Kampuni ya Kifalme ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilipewa hati ya kutawala na kufanya biashara, na macho yake yalikuwa Uganda. Kutoka Mombasa mpaka Uganda ni mwendo wa miezi kwa miguu. Mizigo yote ilichukuliwa vichwani na mabegani na wapagazi, wengi wao watu wa pwani na Wanyamwezi, kila mtu mzigo wa ratili 60 au 70. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kama ratili moja na nusu. Mtu akifanya hesabu ataona shida ilivyokuwa. Msafara wa watu 300 hula vibaba 3,000 kwa siku kumi. Na baada ya nchi ya Wakikuyu njia hushuka Bonde la Ufa, ambako wenyeji walikuwa wafugaji wasiolima, na chakula hakikupatikana tena kwa wingi mpaka nchi ya Mumias. Mpagazi aliyechukua chakula chake cha siku ishirini alikuwa amekwisha kujaza karibu nusu ya mzigo wake kwa tumbo lake mwenyewe.

Wakikuyu walikuwa na chakula. Mashamba yao yalikuwa na viazi vitamu, mahindi, mtama, maharagwe, ndizi na miwa, na akina mama waliteremka na mizigo mizito migongoni, imefungwa kwa ukanda upitao pajini, wakauza kwa ushanga, nguo na waya wa masango. Lakini mashamba hayo yalikuwa nyuma ya msitu. Wenyeji walikuwa wamefyeka miti huko juu ili walime, wakaacha kwa makusudi ukanda mnene ukingoni, upande wa Wamasai, uwe ngao yao. Vijia vyake vilikuwa vyembamba, na vingine vilichimbwa mashimo yenye vijiti vilivyochongwa. Kwa muda mrefu misafara ya pwani iliogopa kuingia. Ilipiga kambi Ngong, ikangoja wauzaji watoke.

Atakaye kujua msitu huo ulikuwaje, na aingie Karura au msitu wa Ngong Road, ambayo ni mabaki yake. Karura ina hekta zipatazo elfu moja, imezungushiwa ua, na mtu hulipa kiingilio langoni. Humo bado kuna miti ya asili, mihugu na mikinduri, na mahali pengine jua halifiki chini hata saa sita ya mchana. Msitu huo nao ulikaribia kugawanywa uwe viwanja, mpaka Wangari Maathai na wenzake walipousimamia mwaka 1999, wakapigwa kwa ajili yake.

Oktoba 1890 Kapteni Lugard alifika ukingoni mwa msitu akiwa njiani kwenda Uganda. Alipokewa na Waiyaki wa Hinga, mzee mwenye nguvu na wafuasi wengi katika sehemu hizo, nao wakala kiapo cha udugu. Kwa kiapo hicho Lugard alijenga boma dogo Dagoretti, akamwacha George Wilson alisimamie, yeye akaendelea na safari yake mwezi uliofuata. Yafaa msomaji aelewe uzito wa jambo hili. Kwa desturi ya wenyeji, kiapo cha namna hiyo humfanya mgeni kuwa ndugu. Ndugu hupewa mahali pa kukaa, lakini hachukui mali ya nduguye bila ruhusa. Kampuni, kwa upande wake, iliona imepata kituo.

Boma la Dagoretti halikumaliza mwaka. Wapagazi na askari wa misafara walichukua chakula shambani bila kulipa, wakagombana na wenyeji, na wenyeji wakalipiza. Wilson alizingirwa, risasi na chakula vikapungua, na mapema mwaka 1891 akaondoka na watu wake kurudi Machakos. Boma likachomwa moto. Baadaye mwaka huo huo Kapteni Eric Smith alikuja na watu wengi zaidi akajenga boma jipya, imara kuliko la kwanza, huko Kabete. Ndilo lililochukua jina lake.

Boma likawa imara, lakini ugomvi ulikuwa ule ule. Agosti 1892 Waiyaki aliingia Fort Smith usiku, wakagombana na Purkiss aliyekuwa msimamizi. Upanga ulichomolewa, Waiyaki akajeruhiwa kichwani, akafungwa. Siku chache baadaye wakubwa waliokuwapo waliamua apelekwe pwani. Hakufika. Alifia njiani, Kibwezi, mwezi wa Septemba. Maandishi ya Wazungu yasema alikufa kwa jeraha la kichwa. Wazee wa Kikuyu wamehadithia tangu siku zile ya kuwa alizikwa akali hai, kichwa chini. Na habari hiyo, zaidi ya hati yoyote, ndiyo iliyokumbukwa katika kila shauri la ardhi lililofuata. Msafiri akifika Kabete atasikia habari hii kwa vinywa vya wenyeji, na ni heshima kuisikiliza mpaka mwisho.

Hali ya boma baada ya kifo hicho yajulikana vema kwa kalamu ya Mwingereza mwenyewe. Sir Gerald Portal alipita mwanzoni mwa mwaka 1893, akitumwa na serikali yake kwenda Uganda. Alilikuta boma kama lililozingirwa: mtu hakuthubutu kwenda mbali na lango bila kundi la askari wenye bunduki. Naye hakuwalaumu Wakikuyu. Aliandika ya kuwa Kampuni, kwa kutolipa, kwa kupora na kwa kupiga watu risasi, ilikuwa imeigeuza nchi nzima kuwa adui wa Wazungu. Basi lile boma lililojengwa lipate kulisha misafara halikuweza hata kuteka maji kijitoni kwa amani.

Francis Hall, aliyefika mwaka 1892 na kulisimamia boma kwa miaka mingi, alitumia vita na biashara pamoja. Alipeleka askari kupiga vijiji, kisha akanunua chakula kwa malipo, na kidogo kidogo soko likarudi. Pembeni mwa boma walikuja kukaa Wamasai waliokimbia njaa na magonjwa ya ng'ombe. Kijana mmoja aliyekuwa kiongozi wa njia za misafara, Kinyanjui wa Gathirimu, aliinuka kwa urafiki wake na boma mpaka akawa chifu mkuu, na alikuwa mtu wa sifa, na wa lawama pia, mpaka alipofariki mwaka 1929.

Vijana wa Kabete nao walianza kuajiriwa upagazi. Novemba 1895 msafara wa watu zaidi ya elfu moja, wengi wao Wakikuyu, ulikuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine. Katika bonde la Kedong baadhi ya watu wake waliwashika wasichana wa Kimasai. Wamasai wakaushambulia, mamia wakauawa. Mfanyabiashara Andrew Dick, aliyekuwa karibu, alikwenda kulipiza kisasi naye akauawa. Serikali ilipochunguza iliona ya kuwa kosa la kwanza lilikuwa la msafara. Mtu akisimama ukingoni mwa Bonde la Ufa, mbele kidogo ya Limuru, huliona bonde hilo chini, na ni vigumu kuamini ya kuwa walionusurika waliupanda ukingo ule kwa miguu wakirudi kuwapa habari wazazi wa Kabete.

Reli ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Injini moja ilivuta mizigo ya wapagazi mamia, wala haikula viazi vitamu. Ofisi za jimbo zilihamishwa kutoka Machakos zikaletwa Nairobi mwaka huo, na Fort Smith ikabaki haina kazi. Hall alikwenda kufungua kituo kipya Mbiri, akafariki huko mwaka 1901. Mahali pale paliitwa Fort Hall mpaka jina la Murang'a liliporudi baada ya uhuru.

Kwa wanaotaka kwenda, miezi mizuri ni Januari na Februari. Kuanzia Machi mpaka Mei, na tena Oktoba mpaka Desemba, udongo mwekundu huteleza kama sabuni, na viatu vya mjini havifai. Julai ni baridi na ukungu, hata mtu asione mgongo wa pili. Lakini huonyesha jinsi boma lilivyoweza kuviziwa. Achukue maji na koti. Mashamba yote yana wenyewe, basi apige hodi, awasalimu wazee kwa heshima yao, aombe ruhusa ya kupita, wala asichimbe udongo kutafuta shanga au risasi za zamani. Akipata mzee wa kumwonyesha, amfuate. Mzee atamwonyesha pia zilipokuwa njia za akina mama wa sokoni, ambazo hazimo katika ramani yoyote. Kurudi mjini kuna matatu za Wangige na za Kikuyu mpaka jioni.