Mahandaki ya Makambako na Ujuzi wa Kundi

Reli ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, lakini mtihani wake mkubwa ulikuwa kati ya Mlimba na Makambako. Hapo njia inaliacha bonde la Kilombero na kupanda Nyanda za Juu Kusini, mpaka Makambako, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mahandaki mengi ya reli nzima yamo katika mpando huo, na nguzo za daraja la Mto Mpanga zina kimo cha mita 50 hivi. Ujenzi ulianza Oktoba 1970. Kufikia 1973 reli ilikuwa imekwisha kuvuka milima na kufika mpakani Tunduma. Habari hii ikisimuliwa hutajwa mkopo wa China na msimamo wa Nyerere, Kaunda na Mao, na ni haki vitajwe. Swali lisiloulizwa sana ni la kisayansi: maelfu ya vijana wa Kitanzania, wengi wao wakiwa hawajawahi kuona baruti ikilipuliwa, pamoja na mafundi wa Kichina wasiojua Kiswahili, waligeukaje kuwa vikosi vya kutoboa mlima?

Jibu langu ni kwamba ujuzi wa kundi hautokani na kujumlisha ujuzi wa mtu mmoja mmoja. Hukaa baina ya watu, hukua wanapofanya kazi ileile pamoja, na hupotea kundi likivunjwa, hata kama kila mmoja ameondoka na cheti chake mkononi. Tazama kazi ya handaki. Mwamba hutobolewa matundu, matundu yakajazwa baruti, watu wakajitenga, mlipuko ukapigwa, moshi ukangojwa utoke. Kisha mawe yaliyolegea darini huangushwa kwa mtaimbo, kifusi kikazolewa, dari ikategemezwa, ndipo duru nyingine ianze. Aliyetoboa ovyo humharibia anayejaza, na anayeangusha mawe nusunusu humhatarisha anayezoa kifusi. Wachina walifundisha kwa vitendo kuliko maneno, na kwa sababu lugha ilikuwa kikwazo, ilibidi watu wasomane kwa mikono na macho. Kusomana huko hakufundishwi darasani. Kunataka zamu nyingi na watu walewale.

Ushahidi wa jambo hili umekusanywa pia mbali na milima yetu. Mwaka 1994 bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilichambua ajali kubwa za ndege zilizohusisha makosa ya marubani, ikakuta kwamba asilimia 73 ya zile zenye taarifa kamili zilitokea siku ya kwanza ya marubani hao kuruka pamoja. Ajali zenyewe zilikuwa chache, kwa hiyo asilimia hiyo isibebeshwe mzigo mzito. Lakini jaribio la NASA lililochapishwa 1986, kwa kutumia kifaa cha kuigiza urukaji, lilionyesha jambo la kushangaza zaidi: marubani waliochoka, ila wametoka kuruka pamoja, walifanya makosa machache kuliko waliopumzika ambao hawakuwa wamezoeana. Kwangu mimi, uzito zaidi uko kwenye utafiti wa Robert Huckman na Gary Pisano wa mwaka 2006. Walifuatilia madaktari wa upasuaji wa moyo wa jimbo la Pennsylvania, wakiwemo waliofanya kazi katika hospitali zaidi ya moja. Daktari alipozidisha operesheni katika hospitali fulani, matokeo yake yaliboreka hapohapo. Katika hospitali nyingine uzoefu huo haukumfaa sana. Mikono ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni watu na taratibu zilizomzunguka.

Hapo ndipo utamaduni wetu wa kuhamisha watumishi wa umma unapoingia. Mkoa wa Njombe, ambamo Makambako imo, ulipomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, ofisi zilipaswa kujazwa na watu waliotoka huku na huku, na kundi jipya halianzi na kasi. Bruce Tuckman, katika mapitio yake ya mwaka 1965, alieleza kwamba makundi hupitia kipindi cha kuvutana kabla ya kukubaliana taratibu na kuchapa kazi. Mkuu wa idara anayeona mvutano wa miezi ya mwanzo akapangua watu, amelipa gharama yote ya kuanzisha kundi na kuliacha kabla ya mavuno.

Wapo watakaosema uhamisho huvunja mitandao ya rushwa na uzembe, na wana hoja. Ralph Katz, mwaka 1982, alichunguza vikundi 50 vya utafiti, akaona utendaji unapanda miaka ya mwanzo na kushuka kundi likikaa zaidi ya miaka mitano hivi, kwa kuwa watu waliacha kuzungumza na walio nje. Basi hamisha, lakini kwa awamu, mmoja akiondoka wanaobaki wampokee mgeni. Wengine watasema reli yenyewe ni ushahidi dhidi yangu: iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka haikufikisha tani 100,000 mwaka 2014/15. Kweli, mshikamano hauleti vichwa vya treni wala mtaji. Lakini hata vichwa vipya vikija, vitahitaji mafundi waliozoeana na magenge yanayoijua njia yao taruma kwa taruma.

Njombe ya leo inajulikana kwa parachichi, na zao hili lina sababu yake ya kutaka kundi lidumu. Tunda la Hass hukatwa kwa mkasi na kuachiwa kikonyo kifupi, maana kikonyo kikinyofoka huacha jeraha linalopitisha uozo. Halipaswi kudondoka chini wala kuachwa juani. Shida ni kwamba kosa la mchumaji halionekani shambani. Hudhihirika wiki kadhaa baadaye, kontena likifunguliwa Ulaya. Mnunuzi anayeokota vibarua wapya kila msimu hana wa kumpelekea habari hiyo. Anayewaita walewale anaweza kuwaonyesha picha za matunda yaliyooza kabla mkasi haujagusa mti.