Uso Mdogo, Nguo Kubwa

Hadi katikati ya karne ya 19, picha ya mtu aliyesimama wima, akionekana kuanzia utosini hadi viatuni, ilikuwa kwa kawaida kazi ya wachoraji, na wenye uwezo wa kuiagiza walikuwa wafalme, makabaila na matajiri wachache. Mambo yalianza kubadilika jijini Paris mwaka 1854, pale mpigapicha André-Adolphe-Eugène Disdéri alipopata hataza, yaani hati ya serikali inayolinda uvumbuzi, kwa njia yake ya kupiga picha ndogo kadhaa, mara nyingi nane, juu ya bamba moja la kioo. Picha hizo zilichapwa kwenye karatasi iliyopakwa ute wa yai, zikakatwa na kugandishwa juu ya kadibodi ya sentimita 6 kwa 10 hivi, ukubwa uleule wa kadi ya jina ambayo waungwana waliiacha nyumbani kwa mtu waliyekwenda kumtembelea, na ndiyo maana Wafaransa wakaziita carte de visite, kadi za ziara. Dazani moja iliuzwa kwa faranga 20, wakati picha moja kubwa ingeweza kugharimu faranga 50 au zaidi.

Kwa kuwa mtu alionyeshwa mzima katika nafasi finyu kiasi hicho, uso wake ulitoka mdogo kama ukucha, kwa hiyo mtazamaji alisoma nguo, samani na namna ya kusimama kabla hajaufikia uso wenyewe. Wapigapicha walilielewa jambo hilo vyema. Studio zao zilijaa mapazia mazito, meza zenye vitabu ambavyo hakuna aliyevifungua, na nguzo zilizofanana na marumaru ilhali zilikuwa za mbao, vyote vikiwa vimeazimwa kutoka katika picha za wachoraji wa kifalme, na nguzo iliyosimama nyuma ya mwenye benki asubuhi ilisimama nyuma ya muuza nyama jioni. Baadhi ya studio ziliweka hata mavazi ya kuwaazima wateja. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, lakini mbele ya kamera ilisitiri vya kutosha kwa sekunde chache zilizohitajika.

Sekunde hizo nazo zilikuwa na masharti yake. Bamba lilipakwa kolodioni, dawa nzito yenye kunata ambayo kwa msaada wa chumvi za fedha hunasa mwanga, na mteja alipaswa kutulia tuli, mara nyingi kisogo chake kikiwa kimeegemezwa kwenye chuma kilichofichwa nyuma yake. Dawa hiyo iliona rangi kwa namna yake: buluu ilitoka karibu nyeupe, nyekundu na manjano zikatoka nyeusi, hivyo wapigapicha waliwashauri wateja juu ya nguo za kuvaa, na hariri nyeusi ikapendwa kwa jinsi mikunjo yake ilivyong'aa.

Mwaka 1860 mpigapicha John Mayall alichapisha jijini London kadi za Malkia Victoria na familia yake, na watu wa kawaida wakazinunua na kuzipanga katika albamu zilezile walizohifadhi picha za shangazi na wajomba zao. Pengine hakuna nguzo ya mbao iliyompandisha mtu cheo kama ujirani huo wa kurasa.

Wapo pia waliotumia studio kushikilia hadhi waliyokwisha kuwa nayo. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliondoka kisiwani mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete mwaka uliofuata, kisha akahamia Hamburg, ambako alipigwa picha studioni akiwa amevalia mavazi na vito vya wanawake wa jumba la Sultani. Alipotoka mtaani, kwa kawaida alivaa gauni kama wake wa wafanyabiashara wengine wa mji huo, na mpita njia asingeweza kujua amepishana na binti wa nani.