Darasa la Watoto Linaloingojea Siku ya Saba

Mswahili anapohesabu siku za wiki huanza na Jumamosi, yaani ya mosi, akafuatia ya pili na ya tatu, hata afike Ijumaa, siku ya kukusanyika. Hesabu yenyewe humwonyesha anakoelekea. Mayahudi nao wana hesabu ya namna hiyo. Katika Kiebrania, Jumapili ni siku ya kwanza, Ijumaa ni ya sita, na ni siku ya saba tu iliyopewa jina lake: Shabbat, Sabato, siku ya mapumziko na ibada. Atakaye kujua mtoto wa Kiyahudi wa miaka mitano hufunzwa nini, na autazame mwendo wa wiki katika chekechea zao za London au New York. Darasa zima husafiri kuelekea siku hiyo.

Jumatatu asubuhi, kama asubuhi nyingine zote, huanza kwa maneno mafupi ya kumshukuru Mungu aliyemrudishia mja roho yake baada ya usingizi. Msomaji ataikumbuka dua yetu ya kuamka. Kisha huja herufi. Kiebrania kina herufi 22, husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na cha kwanza ni alef na bet, ndugu wa alifu na be zetu. Mayahudi wa Ulaya wa zama za kati walikuwa na ada ya kupaka asali juu ya herufi, naye mtoto anayeanza kusoma akairamba, ili utamu wa elimu umkae kinywani. Wapo walimu wanaoifuata ada hiyo hadi leo.

Katikati ya wiki ni zamu ya kisa. Taurati yao imegawanywa mafungu 54, yanayosomwa wiki baada ya wiki hata mwaka ukaisha. Watoto husimuliwa kisa cha wiki hiyo kisha wakakichora: safina ya Nuhu, Yusuf na ndugu zake, Musa mbele ya Firauni. Masimulizi yao hayalingani na ya Kurani kila mahali, lakini mtoto wetu angeyatambua majina hayo yote.

Chakula nacho ni somo. Kila aina ina dua yake, na mtoto hana budi kufikiri kabla ya kula. Chungwa ni tunda la mti. Ndizi je? Wengi husema ni ya mti vilevile. Hapo mwalimu hueleza kwamba mgomba ukishazaa hufa, ukaacha chipukizi. Si mti, na ndizi huombewa dua ya mazao ya ardhi. Mpwani aliyewahi kukata mgomba ataielewa hoja hiyo upesi.

Siku ya Alhamisi au Ijumaa watoto hukanda unga na kuusuka mkate wa Sabato kama nywele. Kisha kila mmoja hutia sarafu katika kisanduku cha tzedakah. Neno hilo na sadaka yetu vina shina moja, na katika Kiebrania shina hilo hubeba maana ya haki: anayempa maskini anatimiza wajibu wake. Mwisho, watoto wawili huteuliwa kuwa baba na mama wa Sabato, hugawa mkate na juisi ya zabibu, na wote huenda nyumbani wakiwa na karatasi yenye maswali kuhusu kisa cha wiki. Maswali hayo ni ya mzazi kumuuliza mtoto mezani usiku huo, baada ya kumwekea mikono kichwani na kumwombea baraka.

Wapo watakaouliza kwa nini tuwatazame Mayahudi, ilhali nyoyo zetu zina jeraha la Palestina. Swali hilo ni la haki. Lakini kutazama namna watu wanavyolea watoto wao si kuridhia kila litendwalo kwa jina lao, na Kurani yenyewe imewaita Watu wa Kitabu. Huko Birmingham, Uingereza, kuna shule ya msingi ya Kiyahudi iitwayo King David, ambayo kwa miaka mingi sehemu kubwa ya wanafunzi wake wamekuwa Waislamu. Wazazi hao hawakuiacha dini yao walipowapeleka wanao huko.

La kutufikirisha ni ile karatasi ya Ijumaa. Sisi tuna vyuo, tuna maalim wenye subira, na tuna Sura nzima yenye jina la Luqman, mzazi aliyemuusia mwanawe mwenyewe. Hata hivyo, wangapi kati yetu humkabidhi mtoto kwa maalim na kulipa ada, tukadhani tumemaliza? Mtoto hurudi na sura mpya kifuani, asipate wa kumsikiliza.

Ijumaa hii, chakula kikishaandaliwa, muulize mwanao amesoma nini wiki nzima, umsikilize hadi mwisho, kisha umwombee dua naye akisikia. Mwenyezi Mungu awajaalie wanetu wawe kitulizo cha macho yetu. Amin.