Shotgani ya bei nafuu kwa ndege na visahani: cha kuangalia kabla ya kulipa

Wazazi wengi wa jumuiya yetu hapa Minnesota hawaanzi kuulizia bunduki kwa hamu ya kuwinda. Wanaanza kwa sababu mtoto ameleta fomu nyumbani: anataka kuingia timu ya shule ya kupiga visahani vya udongo. Ligi ya timu hizo ilianzia hapa hapa Minnesota mwaka 2001. Inapokea wanafunzi wa darasa la 6 hadi la 12, na kila Juni timu hukutana Alexandria kwa mashindano ya jimbo. Mazoezi hufanyika kwenye viwanja vya klabu za kulenga shabaha, wala bunduki haiingii shuleni, na hakuna mtoto anayesimama kwenye mstari kabla hajapata cheti cha usalama wa silaha. Mzazi akishaelewa hayo, hofu hupungua, linabaki swali la mfuko: ninunue ipi, na kwa kiasi gani?

Tuliotoka Kenya tuna ugeni wetu katika jambo hili. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku kwetu mwaka 1977, na bunduki tuliyoizoea ni ile ya askari aliyesimama mlangoni mwa benki. Ndugu zetu Watanzania huenda wana mjomba aliyewahi kutoka alfajiri kutafuta kanga na kwale. Lakini dukani wote tunafanana: tunachagua kwa jina lililochorwa ubavuni, au kwa bei iliyobandikwa. Mimi ningeomba tuanze na bega na shavu la atakayeitumia, kwa sababu shotgani isiyomkaa mtu mwilini haitampigia kitu, hata kama imegharimu dola 3,000.

Sababu yake ni hii. Raifo hutoa risasi moja, na mpigaji hulinganisha alama mbili, ya nyuma na ya mbele, ndipo afyatue. Shotgani hutoa marisau mengi kwa mpigo mmoja. Wakia moja ya marisau namba 8 ina punje 400 hivi. Juu ya mtutu kuna ushanga mdogo mbele, basi. Alama ya nyuma ni jicho la mpigaji mwenyewe. Kitako kikiwa kirefu au kifupi kupita kiasi, au shavu likikaa juu kuliko inavyotakiwa, jicho linahama na marisau yanahama pamoja nalo. Kisahani cha trapu, mchezo wa ligi ya shule, huruka kwa zaidi ya maili 40 kwa saa, kwa hiyo nafasi ya kujirekebisha hakuna.

Kipimo cha kwanza ni bure. Mwombe muuzaji akuonyeshe kwamba bunduki ni tupu, nawe uitazame chemba kwa macho yako na kuipapasa kwa kidole. Muulize mtutu uelekezwe wapi. Kaza macho kwenye kona ambapo dari inakutana na ukuta, fumba macho, inua bunduki begani, laza shavu kwenye kitako, kisha fumbua. Ukiona ushanga umekaa katikati na utepe wa juu ya mtutu umelala karibu bapa, iko sawa. Ukiona mgongo wa chuma cha nyuma peke yake, uso umezama. Ukiuona utepe wote umeinuka mbele yako kama barabara ya mlimani, uso umekaa juu mno. Kati ya pua na kidole gumba cha mkono wa kufyatulia pabaki nafasi ya vidole viwili. Rudia mpaka mkono uzoee, na usione haya kumweka muuzaji akusubiri.

Vitako vingi vinavyouzwa Marekani vina urefu wa inchi 14 hadi 14 na nusu kutoka kwenye kifyatulio. Huo ni urefu wa mwanamume wa kimo cha kati. Akina mama wengi, na karibu watoto wote wa darasa la 6 na la 7, watalazimika kunyoosha shingo kufikia kitako hicho, na teke la bunduki litawapata mashavuni. Kampuni ya Mossberg hutengeneza shotgani aina ya 500 ya vijana ambayo kitako chake huanza na inchi 12 na kurefushwa kwa vipande kadiri mtoto anavyokua. Kwa mzazi mwenye watoto wawili au watatu wanaofuatana, sijaona pesa iliyotumika vizuri kuliko hiyo.

Kuna pia suala la jicho. Nyoosha mikono, acha tundu dogo kati ya viganja, kitazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo kiongozi. Mtu wa mkono wa kulia mwenye jicho kiongozi la kushoto atapiga kushoto mwa kisahani mwaka mzima na kudhani bunduki ni mbovu. Kwa mtoto anayeanza, ni rahisi kumfundisha kutumia bega la upande wa jicho lake. Mwenye kutumia bega la kushoto atafute bunduki ambayo kitufe cha usalama kiko juu mgongoni, kama Mossberg 500, au inayotolea maganda chini, kama Ithaca 37.

Sasa geji. Ni hesabu ya kale: idadi ya gololi za madini ya risasi zenye upana wa mtutu zinazotimiza ratili moja. Ndiyo maana geji 12, yenye upana wa milimita 18.5, ni kubwa kuliko geji 20 yenye milimita 15.6. Kama bunduki ni moja na kazi ni zote, chukua geji 12: risasi zake zinapatikana kila duka, huuzwa kwa bei nzuri zaidi, na ukiona nzito begani unanunua zile za wakia moja au pungufu. Geji 20 huwafaa wenye mwili mdogo na wanaotembea porini kutwa nzima, ila tusidanganyane kwamba haina teke. Bunduki nyepesi hurudi nyuma kwa nguvu hata risasi yake ikiwa ndogo.

Nyumba yenye geji zote mbili ina hatari moja ambayo kila mtu humo lazima aijue. Risasi ya geji 20 ikitumbukia kwenye mtutu wa geji 12 hupita chemba na kukwama mbele kidogo, isionekane. Mtu akidhani bunduki ni tupu akaweka ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka mkononi. Kwa ajili hiyo viwanda hutia rangi ya njano maganda ya geji 20. Usichanganye njano na rangi nyingine katika mfuko mmoja, hata kwa dakika tano.

Kuhusu aina, pampu ndiyo mlango wa mwenye kipato cha kawaida. Unavuta mkono nyuma, ganda linatoka, unasukuma mbele, risasi mpya inaingia. Remington 870 ilitoka mwaka 1950 na zimetengenezwa zaidi ya milioni 11, kwa hiyo vipuri na mafundi havikosekani. Maverick 88, inayotoka kwa hao hao Mossberg, mara nyingi hupatikana kwa chini ya dola 300 ikiwa mpya, na Mossberg 500 huwa kati ya dola 400 na 550. Katika trapu kinaruka kisahani kimoja kwa kila zamu, na pampu haina upungufu wowote hapo. Kwenye skiti, mchezo mwingine wa visahani, ambako wakati mwingine viwili hutoka kwa pamoja kutoka nyumba ya juu na ya chini, utahitaji mkono mwepesi.

Inayojikoki yenyewe hugharimu zaidi. Zile zinazotumia gesi ya risasi hupunguza teke, na mtu mwenye bega bovu atashukuru. Beretta A300 Ultima, inayotengenezwa Tennessee, huzunguka dola 900 hadi 1,100. Zinataka kusafishwa mara kwa mara, na anayeogopa kuifungua bunduki yake asinunue aina hii.

Ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, ndiyo utakayoona mikononi mwa wazee wa klabu. Ni nzuri, ni salama kwa sababu ukiikunja kila mtu anaona kwamba haiwezi kufyatuka, na inakupa choki mbili kwa pamoja, yaani ubano wa mdomo wa kila mtutu. Lakini zinazodumu kwa maelfu ya risasi, kama Browning Citori, zinaanzia zaidi ya dola 2,000. Zipo za dola 500 au 600 zenye sura hiyo hiyo. Kwa mtu anayepiga risasi chache kila msimu wa ndege zinatosha. Kwa ligi ya visahani 50 kila wiki, ningeweka pesa hiyo kwenye pampu nzuri na kununua risasi kwa chenji.

Au nunua iliyotumika. Shotgani iliyotunzwa hudumu kuliko mwenye nayo, na maduka hapa yanazo rafu nzima. Ikiwa tupu na imefunguliwa, uelekeze mtutu kwenye taa na uchungulie ndani: pete za mwanga ziwe duara kamili hadi mwisho. Pete iliyovunjika ni ishara ya mbonyeo au uvimbe, na mtutu uliovimba haurekebishiki kwa bei ya maana. Zungusha choki utoe. Ikiwa imeganda kwa kutu, ondoka. Angalia vichwa vya skurubu, vikiwa vimechubuka mtu asiye fundi ameshaingia humo. Ya mitutu miwili, ondoa kipande cha mbele cha mbao, ifunge, kisha uitikise: ikicheza kwenye bawaba, imechoka.

Sheria inataka utulivu wa akili. Raia na mwenye kadi ya kijani wananunua kwa kujaza fomu ya shirikisho namba 4473 na kukaguliwa kumbukumbu zao. Shotgani ya dukani ni kuanzia miaka 18. Aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi isipokuwa ana mojawapo ya ruhusa maalumu, na inayotumika zaidi ni leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Ambaye maombi yake ya hifadhi bado yanasubiri amwone wakili wa uhamiaji kabla hajashika chochote. Kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini hata mwenye kadi ya kijani.

Sisi tuna desturi ya kutumana. Mjomba anampa mpwa pesa: ninunulie, nitaipitia Jumamosi. Katika bunduki hiyo ni jinai. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Abramski, mtu aliyemnunulia mjomba wake bastola kwa pesa za mjomba, na wote wawili walikuwa na haki ya kumiliki. Hatia yake ilithibitishwa, kwa kuwa kwenye fomu aliandika kwamba mnunuzi ni yeye. Na ukimnunulia mtu aliyekatazwa na sheria, tangu 2022 kifungo kinafika miaka 15. Zawadi ya kweli kwa mwanao, kwa pesa yako, ni jambo jingine, na hiyo inaruhusiwa.

Nyumbani, kumwachia mtoto wa chini ya miaka 18 mwanya wa kuifikia bunduki yenye risasi ni kosa Minnesota. Bunduki ifungwe kwenye kabati lake, risasi zikae chini ya kufuli nyingine. Nyumba zetu hupokea wageni wengi, na watoto wa wageni hufungua kila mlango.

Ukitaka kuhamia kwenye uwindaji wa ndege, msimu wa fezanti huanza katikati ya Oktoba hadi Mwaka Mpya, na hupigwa madume tu, yale yenye shingo ya kijani na pete nyeupe. Wanapenda nyasi ndefu za kusini na magharibi ya jimbo. Aliyezaliwa baada ya 1979 huhitaji cheti cha mafunzo ili apate leseni. Kwa bata mwitu, marisau ya madini ya risasi yamepigwa marufuku nchi nzima tangu 1991: utatumia ya chuma, na bunduki iwe na kizibo kinachozuia isipakiwe zaidi ya risasi tatu. Usipitishe marisau ya chuma kwenye mtutu wa zamani wenye choki finyu isiyotoka. Na kwa Waislamu, wanazuoni wamehitilafiana kuhusu ndege aliyekufa kwa marisau kabla ya kuchinjwa, kwa hiyo muulize shehe wako kabla ya msimu, uwe na kisu kikali mfukoni, na upige bismillahi wakati wa kufyatua.

Bajeti ya mwanafunzi wa trapu inaelemea kwenye risasi kuliko bunduki. Boksi la 25 huwa karibu dola 10, na kila raundi ina ada yake ya uwanja. Visahani 50 kila wiki ni maboksi mawili, na bado miwani na vizibo vya masikio, kwa maana mlio wa geji 12 unapita desibeli 150 na masikio hayaponi. Klabu nyingi humwazima mgeni bunduki kwa raundi ya kwanza, kwa hiyo usinunue kabla hujapiga ya kuazima.

Baada ya kununua, chukua karatasi pana, chora duara la inchi 30, ipige kutoka yadi 40. Choki ya kati iache karibu asilimia 60 ya marisau ndani ya duara. Fanya hivyo mara tatu au nne kwa karatasi mpya, ukipiga haraka bila kulenga sana, kisha utazame kitovu cha mashimo. Yakilalia juu au kushoto kila mara, ipeleke kwa fundi Agosti apunguze au apinde kitako, kwa sababu Septemba foleni yake hujaa wawindaji.