Shukrani isiwe makofi tu

Ndugu msikilizaji, wiki hii nazungumza nawe kutoka Ilongero, mkoani Singida. Nataka tuwape heshima yao wanawake waliotumia kalamu kuwatetea wasichana.

Mwaka 1987 waandishi wa habari wanawake walianzisha chama chao, TAMWA. Wangeweza kuishia kwenye semina na kupeana vyeti. Wao wakaandika juu ya ubakaji na ukeketaji, mambo yaliyokuwa yakimalizwa kimya kimya nyumbani, na pamoja na wenzao wakadai sheria. Mwaka 1998 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kukawa jinai: kifungo cha miaka 5 hadi 15, faini, au vyote viwili.

Lakini askari haingii chumbani kwa mzazi. Humu Singida wapo waliogeukia vichanga, kwa siri, wakidai wanatibu lawalawa. Lawalawa ni maambukizi ya sehemu za siri. Dawa yake iko zahanati, haiko kwenye wembe wa ngariba.

Akina mama hao wametimiza wajibu wao. Sisi akina baba, je, tunajua yanayotendeka nyumbani mwetu? Tuulize leo.