Je, Wajua? Talaka Ina Faili Tatu

Je, wajua kwamba kurudisha mahari hakuvunji ndoa machoni pa serikali? Wazee wa Kinandi au wa Kikeiyo wanaweza kukaa, wakakubaliana, na kila mtu akaenda zake. Lakini mpaka korti itamke, nyinyi bado ni mke na mume. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 haiwadharau wazee: kwa ndoa ya kimila, wenzi huweza kupitia kwao kwanza, na aliyewapatanisha huandikia mahakama ripoti.

Tangu Agosti 2017 ndoa za kimila nazo husajiliwa. Usipokuwa na cheti, jiandae kuthibitisha kwanza kwamba ndoa ilikuwapo. Ajabu, lakini ndivyo: ili muachane, shurti muwe mmeoana.

Je, wajua ombi la talaka hupelekwa wapi? Kwa hakimu, si lazima Mahakama Kuu. Waislamu wa Eldoret huenda kwa Kadhi. Na tangu Machi 2024 kesi hufunguliwa kwa mtandao kote nchini, kwa hiyo foleni ya masijala si kisingizio tena.

"Tumechokana" haimo katika orodha ya sababu za talaka katika Sheria ya Ndoa. Miongoni mwa zilizomo ni uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa miaka 3 au zaidi, na ndoa kuvunjika kiasi cha kutotengenezeka. Ukidai mwenzako ana wazimu usiotibika, utahitaji madaktari wawili. Maneno ya shemeji hayatoshi.

Je, wajua kwamba walioana kwa msajili walikatazwa kuomba talaka kabla ya miaka 3? Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilisema katazo hilo linakiuka katiba.

Sasa shamba, maana katika kaunti ya Uasin Gishu ndilo linalowatoa watu jasho. Talaka, faili ya kwanza, haigawi mali. Hiyo ni faili ya pili, chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, na mgao hufanyika baada ya ndoa kuvunjwa. Wengi hutoka kortini na amri ya talaka mkononi wakidhani nusu ya ekari ni zao. Hapana. Januari 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya JOO na MBO (herufi hizo ni za kuwaficha wahusika), ilisema usawa wa kikatiba haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja: kila mmoja athibitishe alichochangia. Hata hivyo katika kesi hiyohiyo nusu kwa nusu ilibaki, kwa sababu mchango ulionekana.

Mchango si pesa tu. Kulea watoto, kupika, kuendesha nyumba, kupalilia mahindi, yote yanahesabiwa na sheria. Shida ni ushahidi. Nani huandika daftari la kukamua ng'ombe saa kumi na moja alfajiri? Basi tunza risiti za mbolea, ujumbe wa M-Pesa wa kuwalipa vibarua, stakabadhi za maziwa na za mahindi uliyopeleka ghalani, hata kama hatimiliki ina jina la mumeo peke yake. Shamba alilorithi kabla ya kukuoa si mali ya ndoa, ila ukiliboresha una haki kwa kiasi cha mchango wako. Na mali ya ndoa haiuzwi bila ridhaa yako, hata dalali aje na gari kubwa kiasi gani.

Faili ya tatu ni ya watoto. Katiba, kifungu cha 53, inawapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au la. Kinachotangulia ni maslahi ya mtoto, wala si nani aliyemkosea nani.

Je, wajua mume naye anaweza kuomba matunzo kutoka kwa mkewe? Sheria husema "mwenzi". Wanaume wengi wangeona haya kuomba, nadhani.

Na kabla hujatafuta mchumba mpya: hukumu ya kwanza ya talaka ni ya muda tu, na mara nyingi hupita siku 30 ndipo itolewe amri kamili. Ukifunga ndoa nyingine ilhali ile ya mke mmoja haijavunjwa, hilo ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 5.